Hodi Kwenye Folda

Ofisi yetu ya kilimo pale Handeni ilikuwa na kompyuta moja na nywila moja, iliyobandikwa pembeni ya kioo ili isisahaulike. Kila mtu alikuwa na folda yake, na kila mtu alifungua za wenzake akitafuta, eti, ripoti. Mimi nilikuwa bingwa. Nilijua nani anaandika mashairi ya mapenzi na nani anatafuta kiwanja Kwashemshi.

Katibu muhtasi, mama mtu mzima asiyependa mchezo, alichoshwa na umbeya wetu, akatoa amri. Folda ni nyumba ya mtu. Unapiga hodi kwa sauti, mwenyewe akiitikia karibu, unafungua. Ukipiga hodi tatu bila kuitikiwa, unarudi ulikotoka. Tulicheka, kisha tukazoea. Hata mkuu wa ofisi akawa anapiga hodi.

Muda si mrefu nami nikawa na cha kuficha. Mama yangu alikuwa anaumwa peke yake Kilole, kule Korogwe, nikaanza kuandika ombi la uhamisho. Mkuu alishaapa kwamba hakuna bwana shamba wala bibi shamba atakayemkimbia na kumwachia ukame ule.

Asubuhi moja, nikiwa kwenye sentensi ya mwisho, nikasikia hodi nyuma yangu. Mkuu alitaka ripoti ya mbegu, nayo ilikuwa kwenye folda yangu, pamoja na ombi. Nikimkaribisha, kwaheri Kilole. Ulimi ukajitetea wenyewe.

"Subiri kidogo mzee, navaa."

Ofisi nzima ikatugeukia. Mkuu, mtu mwenye heshima zake, akageuka akautazama ukuta mpaka nilipolihamisha ombi na kusema tayari.

Wiki chache baadaye nilihitaji ratiba iliyokuwa kwenye folda yake. Nilimkuta ameinamia kompyuta, nikapiga hodi. Akasema anavaa, wala hakucheka. Nikautazama ukuta. Alivaa muda mrefu sana, mpaka katibu muhtasi akaguna.

Mwishowe nilijikaza nikampelekea ombi langu, nikisubiri mahubiri. Akalisaini palepale, hata macho hakuinua. Nilifungasha nikimwonea huruma, mzee wa watu, anabaki na ukame wake.

Siku ya kwanza ya kazi Korogwe nilimnywesha mama uji, nikaenda kuripoti. Nikapiga hodi mlangoni kwa mkuu wangu mpya.

"Karibu, bibi shamba," ikajibu sauti niliyoijua vizuri. "Nimeshavaa."