Stesheni Masta Asiye na Treni

Mbuvi wa Lidcombe, mtaa wa Sydney, hajawahi kupokea treni hata moja, lakini ukikutana naye kanisani anakusalimu kama waziri wa uchukuzi. Kazi yake ni kulinda mlango chini ya jiji, kwenye platifomu mbili zilizochimbwa karibu miaka mia iliyopita, ambazo treni haikuwahi kuzifikia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilitengwa ziwe maficho ya watu kujikinga na mabomu. Baadaye mtu akalima uyoga humo. Sasa limebaki vumbi, na Mbuvi.

Binti yake wa pekee, Cheryl, alipochumbiwa, Mbuvi alinifanya mimi, mwenzake wa kanisani, msemaji wa familia siku ya posa. Alinishika koti jikoni.

"Useme station master, sawa? Usitaje security. Siku ya wedding nataka kusimama niongee kama baba mtu."

Nilimdharau, lakini nikasema. Wageni wakapiga makofi.

Kumbe baba wa bwana harusi, Mzee Kiptoo, aliyekuja kutoka Kenya kwa ajili ya posa hiyo, alikuwa stesheni masta wa kweli kwa miaka thelathini na moja.

"Mkwe, kesho utanipeleka kazini kwako," akasema.

Mbuvi alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

Tulishuka watatu. Mzee alitembea platifomu yote, mikono nyuma. Hakuuliza treni iko wapi. Alipitisha kidole ukutani, akakitazama.

"Hapa palifagiliwa lini?"

"Mzee, hapa hakuna train. Tangu pajengwe."

"Sijauliza treni, nimeuliza ufagio. Stesheni yangu ilikaa miaka sita bila treni. Nilifagia kila asubuhi."

Mbuvi akanigeukia, eti nimsaidie. Nikajifanya nasoma maandishi ukutani.

Juzi jibu la Mzee kuhusu posa lilikuja kwenye simu ya mke wa Mbuvi, Jacky, naye akatusomea kwa sauti mezani. Cheryl wamemkubali, binti hana kosa. Ila siku ya harusi, upande wa bibi harusi azungumze mama yake.

Mbuvi akasukuma sahani yake kando. Nilimwona mdogo, na nilifurahi, sifichi. Kisha akaniomba mimi, msemaji wake, nimpigie Mzee nimwombee msamaha.

Jacky akanisogezea simu nisome mstari wa mwisho, ule ambao hakuusoma kwa sauti: "Na yule msemaji wenu asialikwe."