Simu ya Upepo ya Baba

Nilipoingia dukani nilikuwa tayari nimekasirika, kwa hiyo yule muuzaji hakuwa na bahati. Nilitaka simu mbili za upepo, zile za kubonyeza kitufe ukaongea na kukiachia ukasikiliza, moja ya gari langu na moja ya gari la baba. Yeye akaanza kunionyesha za walinzi. Nikamwambia mimi silindi geti. Nataka kitu kitakachosikika kwenye mbuga za Sengerema, gari likiwa kwenye gia ndogo na mvua ikipiga bati. Akacheka, akauliza kama ni mimi mwenyewe ninayeendesha huko. Nikamtazama mpaka akaacha kucheka.

Baba alikuwa dereva wa idara ya mifugo maisha yake yote, akipeleka chanjo za ng'ombe mahali ambapo barabara imekwisha zamani. Sasa amestaafu, anakaa Kirumba, mjini Mwanza, na ng'ombe wake wako kwa mdogo wake ng'ambo ya kivuko cha Kamanga, kwenye kijiji ambacho ili ukifikie lazima uache njia ya changarawe ukate mbuga. Udongo wa mbuga ni mweusi. Kiangazi huwa mgumu kama sakafu, lakini ukilowa kidogo tu unameza tairi hadi ekseli. Sheria ya baba ni moja, kwamba gari haliingii mbugani peke yake. Ndiyo maana tangu ninunue gari langu tunakwenda wawili kila mwezi, yeye mbele na pikapu yake, mimi nyuma na kamba ya kuvutia.

Zamani tulikuwa na simu mbili za upepo alizozipata idara ilipouza vyombo vyake chakavu. Humo ndimo sauti yake ilimonifikia. Shimo kulia. Shika kushoto kwenye majani. Usiguse breki. Nilijifunza kuendesha hivyo, na nikamjua baba yangu hivyo pia, maana nyumbani ni mtu wa kukaa kimya na kikombe chake. Mbugani alikuwa anaongea. Alinisimulia habari za bibi, na za dume la ng'ombe lililowahi kumlaza juu ya paa la gari usiku kucha. Nadhani aliweza kwa sababu macho yake yalikuwa njiani na mimi nilikuwa nyuma, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Kitu kimoja tu hakukisamehe. Kila mazungumzo yalipofunguliwa, hata kama tulinyamaza robo saa tu, ilibidi nianze na shikamoo, nisubiri marahaba, ndipo niseme langu. Safari moja nilikuwa katikati ya kumwamkia, kitufe nimekibana, na yeye alikuwa anajaribu kuniambia nisipite pale nilipokuwa napita. Mtu mmoja akibana kitufe, mwingine hawezi kusema. Nilizama hadi mlangoni. Akanivuta huku anacheka, na sheria haikubadilika.

Mwaka jana simu zile zilikufa, moja betri ikavimba, nyingine ikanyamaza yenyewe. Simu za kawaida huko hazina mtandao. Safari zetu zikawa za kutazama mgongo wa pikapu, tunafika, tunahesabu ng'ombe, tunarudi. Nilimkumbuka baba yangu akiwa mita mia mbele yangu, na hilo ndilo lililonipeleka dukani.

Muuzaji, baada ya kutulia, alinielewesha vizuri. Za mkononi zina wati tano, nyepesi, unaweza kushuka nayo kupima kina cha tope. Za kufunga garini zina wati ishirini na tano, zinakula betri ya gari na antena yake inakaa juu ya paa. Boksi la ile ndogo liliandikwa kilomita kumi. Nikamuuliza kumi za wapi, za juu ya ziwa? Mwanza hii ina mlima wa mawe kila kona. Akakubali nizijaribu kwanza, nami nikamwachia kitambulisho changu.

Jumamosi ya kwanza nilimwachia baba moja ya mkononi pale Kirumba, nikaenda hadi Buzuruga.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba."

Nikafurahi peke yangu kando ya stendi. Nikamuuliza kama ananisikia vizuri. Akajibu, "Marahaba." Nikaona ni milima. Jumamosi iliyofuata nilichukua aina nyingine ya bei kubwa zaidi, mambo yakawa yaleyale, marahaba ya kwanza safi, ya pili haina mahali. Nikarudi dukani nikamwambia muuzaji anauza takataka. Akanifungia zile kubwa kwenye magari yote mawili, na hizo nazo zikaniletea marahaba mbili. Niliporudi mara ya tatu hakubishana nami. Aliingia kwenye gari langu, akamwita mwenzake aliyekuwa Nyegezi, wakaongea habari za mpira kana kwamba wamekaa meza moja.

"Dada," akaniambia taratibu, "mawimbi yanafika. Hebu ulizia upande wa pili."

Nilimchukia njia nzima hadi Kirumba. Baba alikuwa uani, amekaa kwenye pikapu, anangoja jaribio letu. Niliegesha nyuma yake, hatua kumi hivi, nikabonyeza kitufe bila salamu.

"Baba, gari lako linawaka moto."

Mkono wake ukapandisha kipaza sauti mdomoni bila haraka.

"Marahaba, mwanangu."

Nilishuka. Aliponiona usoni alizima simu, akaniambia nipande nikae. Ilinibidi niketi nikimwelekea, niseme polepole, naye akitazama midomo yangu. Alisema tangu mvua zilizopita anasikia mlio tu. Mlio ukikatika anajua nimemaliza, naye anajua siku zote naanza na nini. Hospitali alikwenda kimya kimya, akapewa kifaa cha sikio kinachopiga mluzi, akakifungia kabatini. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekwambia, ungewaambia kaka zako, wangechukua funguo. Na wewe ungekwenda huko na nani?"

Nilikasirika, nikaona huruma, nikakasirika tena kwa sababu ya huruma. Tulibishana mpaka tukaafikiana. Mjini hagusi usukani tena. Pikapu ingelala ng'ambo kwa mdogo wake, mimi nimvushe kwa kivuko, na kazi yake iwe mbugani tu, ambako hakuna gari jingine la kumpigia honi. Akauliza nimechagua simu ipi. Nikamwonyesha ile kubwa.

"Basi ibaki," akasema. "Mimi nitaongea. Wewe usijisumbue kujibu."

Safari ya kwanza alianza hata kabla hatujaacha changarawe. Sauti ilikuwa safi kuliko ya zamani, namsikia hata akimeza mate. Shimo, majani, shika kushoto. Halafu akaingia kwenye habari za siku alipompitisha marehemu mama yangu njia hii kwa mara ya kwanza, kilemba kipya kichwani, na mama akakataa kushuka kusukuma gari. Nilibonyeza kitufe nikauliza mama alisema nini. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiishia ndani ya gari langu. Yeye akaendelea na jambo jingine, na nililia kidogo, nikiwa nashika kushoto kama nilivyoelekezwa.

Katikati ya tope alinyamaza. Nilifikiri simu imekufa.

"Mwanangu," akasema, "kama bado upo nyuma yangu, washa taa."

Nikawasha.

Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na pikapu ikapunguza mwendo karibu kusimama.

"Washa tena."

Nikawasha na kuzima, nikawasha na kuzima, mpaka nikaona mkono wake umetoka dirishani.

"Haya, nimekuona," akasema, akaingiza gia. Kabla hatujafika kijijini aliniuliza hivyo mara tatu nyingine.