Jiwe la Mombasa

Kwetu Kabuchai mtu hapiti karibu na boma la babake bila kuingia. Ukipita, habari itafika nyumbani kabla yako, na utaulizwa umekuwa nani siku hizi. Kwa hiyo siku tuliyotoka mashindano ya ngonjera mjini Bungoma, miaka ile elimu ya bure ilipoanza, nilimwambia dereva wa shule akate kona kabla ya kurudi Kitale. Watoto wa darasa langu walikuwa wameshinda, wana njaa, na mimi kichwa kilikuwa kimevimba. Ngonjera niliitunga mwenyewe: jinsi watu wanavyoharibu matumbawe ya bahari kwa baruti, kwa nyavu za kukokota, kwa uchafu, na kwa kuyavunja wayabebe nyumbani. Kati yetu hakuna aliyewahi kuiona bahari. Niliyoyajua niliyatoa vitabuni, lakini niliyafundisha kwa ukali, na watoto niliwazoesha kuuliza swali moja: samaki walihamia wapi?

Aliyeiona bahari ni Baba. Ujanani alifanya kazi bandarini Mombasa, na huko ndiko alikotoa lile jiwe jeupe lenye matawi lililokaa kwenye kabati la sebuleni, juu ya kitambaa alichofuma Mama. Hakuna mgeni aliyekunywa chai kwetu bila kuonyeshwa jiwe la Mombasa. Miwa na ng'ombe kila jirani alikuwa navyo. Jiwe lilikuwa la Baba peke yake, na ndilo lililomfanya awe mtu. Nimekua nikilipangusa vumbi. Na mimi, na ngonjera yangu yote, sikuwahi kulitazama nikaona ni tumbawe. Jamani, lilikuwa kitu cha nyumbani tu.

Niling'amua siku hiyo, watoto wakinywa chai sebuleni, Baba akiwa tayari amelishika.

"Hii kitu," akawaambia watoto, "nilivunja na mikono yangu mwenyewe. Maji ilikuwa imerudi nyuma, nikaenda na mtaimbo."

Watoto wakaacha kutafuna mandazi. Msichana aliyekuwa kinara wa ngonjera, mtoto mwenye adabu kabisa, akaweka kikombe chini.

"Babu, samaki walihamia wapi?"

Baba akacheka. "Samaki gani? Si hii ni kama miwa tu? Ukikata, inachipuka ingine."

"Haichipuki, babu. Mwalimu alisema ni wanyama wadogo wadogo walijenga pole pole, na ukivunja wanakufa. Alisema mtu akifanya hivyo ni mwizi wa bahari."

Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno, nikigonga meza.

Mama akaangalia mlango. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliona haya kwa ajili ya Baba mbele ya watoto, kisha kwa ajili ya watoto mbele ya Baba, maana mzee hakosolewi nyumbani kwake, tena na mgeni anayekula chakula chake. Baba akanigeukia.

"Ni ukweli, mwalimu?"

Hakuwa ameniita mwalimu hata siku moja. Nyumbani ananiita mama, kwa kuwa nina jina la mamake.

"Ni ukweli, Baba," nikakiambia kikombe changu.

Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alilirudisha jiwe mahali pake, akamwongezea yule mtoto chai, akauliza shule zinafungwa lini.

Mwisho wa mwezi nilirudi peke yangu, na sukari mkononi na maneno ya kuomba msamaha niliyoyapanga njia nzima. Kwenye kabati kulikuwa na kitambaa kitupu. Mama akanionyesha kwa kidevu nyuma ya nyumba. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya karai la maji, na ndani ya maji lilikuwamo jiwe lake. Chini ya mguu wake palikuwa na pakiti tupu ya chumvi.

"Nimejaribu kukumbuka vile maji ya bahari ilikuwa kwa ulimi," akasema bila kuniangalia. "Wewe ndiye umesoma. Chumvi imetosha?"

Maisha yake yote amepanda miwa kwa vipande, na vipande vikachipuka. Nikaiweka sukari chini. Nilichovya kidole kwenye karai nikaonja, mimi ambaye sijawahi kuonja bahari.

"Ongeza kidogo, Baba," nikasema.

Akainuka kwenda jikoni kutafuta pakiti nyingine.