Mjomba wa Kwenye Filamu ya Ayalandi

Miaka ile vitu vilipoanza kurudi madukani, nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari moja mjini Morogoro, nikapanga chumba kwa mama mmoja wa Kiluguru aliyeuza vitenge sokoni. Ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kwetu kuwa na deki ya video. Aliinunua kwa dada mmoja wa Ayalandi, mfanyakazi wa kujitolea aliyekuwa amemaliza mkataba wake na anauza vyombo vya nyumbani kabla ya kurudi kwao. Pamoja na deki alipewa boksi la kanda. Nyingi zilikuwa za kuchekesha, chache za mpira, na moja ilikuwa hadithi ya mapenzi ya huko huko Ayalandi. Hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza, maana sijaona tena watu wakiibishania filamu kwa namna ile.

Kabla ya filamu inabidi nieleze hali ya nyumba yenyewe, la sivyo ubishi hautaeleweka. Mama alikuwa na binti mkubwa aliyemsaidia sokoni. Binti alikuwa ameposwa na kijana wa Bukoba, fundi mitambo kwenye shamba la miwa. Mama hakuwa na tatizo na kijana. Lakini kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mashamba hufuata upande huohuo. Baba anaheshimiwa, hakuna anayembeza, ila neno linalosubiriwa katika jambo kama hili ni la mjomba, yaani kaka wa mama. Mjomba wa binti huyu aliishi Matombo, huko milimani. Alikuwa ameshashuka mjini mara kadhaa tangu posa ije, kila mara na mkungu wa ndizi na mafenesi, akala, akauliza bei ya sabuni, akapanda gari kurudi. Hakukubali wala hakukataa.

Na kijana alikuwa na haraka yake. Kule kwenye shamba la miwa kulikuwa na habari za kupunguza watu, na yeye alikuwa ameamua kurudi Bukoba kabla ya mvua, kwenye kibanja, shamba la migomba la baba yake, asisubiri kuambiwa aondoke. Kama neno la mjomba lisingetoka kabla ya hapo, angeondoka peke yake. Sote tulijua hivyo, na binti alijua kuliko sisi. Lakini mjomba haharakishwi. Huwezi kumkalisha mtu wa namna hiyo ukamwambia, haya, tujibu.

Jumapili moja mjomba alikuwepo. Tulikula, kisha mama akaitoa ile kanda kwenye boksi. Kijana alikuwa amekaa karibu na mlango, kama wakwe watarajiwa wanavyokaa, mgongo haugusi kiti. Jirani yetu mmoja naye akaingia, Mnyamwezi aliyeachishwa kazi kiwandani. Yeye alikuwa mtani wa Waluguru na aliutumia utani huo kama leseni.

"Mluguru wangu," alimwambia mjomba, "umeshuka tena? Huko mlimani wamekuchoka?"

"Nimekuja kuangalia kama umeshakufa," mjomba akajibu, "nipate kuja kuchukua hiyo redio yako."

Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni. Kazi yangu ilikuwa kueleza. Sikutafsiri kila neno, kwa sababu nilikuwa nimeshagundua kwamba ukitafsiri kila neno watu wanakutazama wewe na kuiacha picha. Nilisema nani ni nani na anataka nini, mengine watu wakajionea.

Hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Mzee anarudi kwa mawazo kwenye ujana wake, katika kijiji chenye vilima, mvua na kuta za mawe. Ni kijana wa miaka kumi na kitu, baba yake anataka abaki na shamba. Anampenda binti wa jirani, na binti anataka kwenda ng'ambo kusomea uuguzi. Wanakutana kisimani, wanapanda baiskeli moja, wanacheza dansi kwenye ukumbi wa kanisa.

"Mbona kama Matombo," mama alisema alipoona ukungu unashuka kwenye vilima. "Ila hawana mgomba hata mmoja. Wanakula nini hawa?"

"Viazi," nikasema.

"Ndiyo maana wembamba," mtani akasema.

Kulikuwa na kikwazo kimoja ambacho mtengenezaji wa filamu hakukifikiria. Mjomba na mpwa wake walikuwa chumba kimoja. Kila vijana wale walipokaribiana nyuso, mama alisema, "Peleka mbele hapo," na binti, mkono ukiwa tayari kwenye kitufe, akapeleka. Kwa hiyo mapenzi yenyewe tuliyaona yakikimbia. Wanakimbizana mtoni, wanaanguka kwenye nyasi, wanainuka, basi. Kilichobaki katika mwendo wa kawaida ni wazazi, shamba, kanisa na jikoni.

Na jikoni kwa akina binti wa filamu alikuwepo mwanamume mmoja, kofia kichwani, kiko mdomoni, amekaa karibu na moto. Mama wa binti akamwita "kaka yangu". Nikaeleza: "Yule ni kaka wa mama yake."

Mjomba, aliyekuwa ameanza kusinzia, akaweka kikombe chini.

"Anakaa humo humo?" akauliza.

"Ndiyo. Hajaoa."

"Aha."

Tangu hapo ikawa filamu nyingine. Vijana walipokutana kisimani, mtani aliuliza, "Mjomba anajua?" Baba wa kijana alipofoka kuhusu shamba, mama alisema, "Aache kelele, asubiri mjomba wa binti aseme." Yule mtu wa kofia alionekana mara nyingi, na kila alipoonekana watu walisogea mbele kidogo. Akaweka kuni. Akamwangalia paka. Akamwangalia mpwa wake. Kitu hakusema.

Ikafika binti wa kwenye filamu anaingia jikoni na mvua kichwani, anasimama mbele ya mjomba wake. Anamwambia amepata nafasi ng'ambo, na kwamba hajui la kufanya, kwa sababu yule kijana hataki kuliacha shamba. Mjomba anatoa kiko mdomoni. Umeme ukakatika.

Ulikuwa wakati wa mgao, na upande wetu ulikuwa umeshapata zamu yake. Kanda ikabaki ndani ya deki.

Mjomba alitakiwa kupanda gari kesho yake asubuhi. Asubuhi akasema mguu unamuuma kidogo. Keshokutwa yake mguu haujapona. Nilimwona akienda sokoni na kurudi kwa miguu yote miwili vizuri tu, na dada yake naye aliona, lakini tulimpa pole.

Siku hizo umeme ulikuja tukiwa makazini, au tukiwa tumeshalala, kwa hiyo watu walimaliza filamu kwa mdomo. Mama aliamini mjomba yule angekataa. "Mtoto mmoja tu nyumba nzima, amwache apande meli?" Mtani alisema angekubali kwa masharti, maana Waluguru wa Ulaya hawawezi kutofautiana sana na wa hapa, lazima wataomba kitu. Wateja wa mama sokoni, ambao hawakuwa wameona hata picha moja, nao walikuwa na maoni.

Jioni moja kijana wa Bukoba alipita kusalimia. Alisema shikamoo kwa mjomba, akakaa, na mtani akamuuliza moja kwa moja yeye yuko upande gani.

"Mimi nasema yule kijana hana kosa," akajibu. "Pale ndipo walipozikwa babu zake. Akiondoka, nani anabaki?"

Binti alikuwa uani anachambua mchele. Hakuingia ndani. Alisema kutoka hukohuko, sauti ya kawaida kabisa:

"Na yule binti kwao hawajazikwa watu?"

Mjomba alijikuna goti. Mtani, ambaye siku zote ana la kusema, akasema chai imepoa.

Kesho yake mjomba alinikuta nasahihisha madaftari, akakaa kwenye ngazi.

"Mwalimu, wewe unajua atasema nini yule bwana?"

"Hapana, mjomba. Hata mimi sijaiona hadi mwisho."

"Huko kwao mjomba ana nguvu?"

Nikamweleza nilivyojua: kwamba kule shamba hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kwamba kaka wa mama ni ndugu kama ndugu wengine, anaweza kushauri, hawezi kuzuia. Alisikiliza kwa makini, kama wanafunzi wangu wazuri walivyonisikiliza.

"Sasa kwa nini wamemweka pale jikoni picha nzima?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua. Nadhani mtu mwingine angeitazama filamu ile mara kumi asijiulize.

Umeme ulipokuja mchana wa Jumamosi hakuna aliyehitaji kuitwa. Binti alibonyeza kitufe, mtu wa kofia akatoa kiko mdomoni palepale tulipomwacha. Alimtazama mpwa wake muda mrefu. Kisha akarudisha kiko mdomoni.

"Imekatwa," mtani akasema. "Rudisha nyuma."

Binti akarudisha. Kiko kikatoka, kiko kikaingia.

"Kanda imekatwa hii. Yule dada amemuuzia mama kanda iliyokatwa."

Haikuwa imekatwa. Asubuhi iliyofuata, kwenye filamu, mjomba yule alibeba sanduku la binti hadi kituo cha basi, akalipandisha, akasimama kando ya barabara huku basi linaondoka. Kijana alibaki shambani. Akazeeka. Tukarudi kwa yule mzee wa mwanzo, anatembea peke yake kando ya ukuta wa mawe, na muziki wa fidla unapigwa.

Maoni yalikuwa mengi kwa wakati mmoja. Mama alisema kubeba sanduku ni kukubali. Mtani alisema kubeba sanduku ni kufukuza. Kijana wa Bukoba, mlangoni, alisema polepole kwamba kijana angeweza kumwambia binti amsubiri. Nami nikajaribu kueleza kwamba watu wa filamu huutumia ukimya kuonyesha huzuni, kwamba mtengenezaji alitaka tuone mzee yule anampenda mpwa wake kiasi cha kushindwa kusema.

"Mwalimu," mjomba akasema, "nimekuelewa. Anampenda. Mimi na wewe tumeona, kwa sababu tunamwangalia usoni kwa karibu hivi. Yule binti alikuwa amempa mgongo, anapanda basi. Yeye ameona nini?"

Akaendelea mwenyewe:

"Mpaka anakuwa bibi huko ng'ambo hajui kama aliruhusiwa au alifukuzwa. Hata akitaka kurudi, hajui anarudi kwa nani. Mtu mzima, mdomo anao, anakula chakula cha nyumba hiyo."

Nadhani alisikia kwamba anajisema mwenyewe, maana alitazama sakafu kwanza, ndipo akamwita mpwa wake azime televisheni na akae. Binti akazima, akakaa mkekani. Kijana akataka kutoka nje.

"Kaa, baba," mjomba akamwambia. "Hili ni lako pia."

Kisha akasema. Alisema hapendi binti aende Bukoba. Ni mbali, na shamba la mama yake kule Matombo, ambalo litakuwa lake, lingebaki na watu ambao si wake. Watoto atakaowazaa ni wa ukoo huu, wangekulia mahali ambapo hakuna anayejua kuwaambia hivyo. Hizo ndizo sababu zake na hakuwa na nyingine, kijana hamchukii. "Nimekaa kimya nikidhani mtachoka wenyewe. Hiyo ilikuwa si vizuri. Sasa nimesema sipendi. Lakini kwenda ni ruhusa, kama unataka. Nakuuliza: unataka?"

Katika wiki zote zile watu walikuwa wameongea habari za binti, na hilo lilikuwa swali la kwanza yeye kuulizwa.

"Nataka, mjomba," akasema. "Lakini shamba langu asipewe mtu. Watu walime, wasipande miti ya kudumu wakaja kulidai."

"Hapewi."

"Na nikirudi?"

"Ukirudi umerudi kwenu. Nani atakuuliza?"

Akamgeukia kijana, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeomba. "Umesikia? Watoto nitakuja nao huku. Kila wanapofunga shule."

Tulimsubiri kijana. Alikuwa amesema mbele ya watu wote kwamba mwanamume habanduki kwenye kibanja cha baba yake, na sasa alitakiwa kukubali kwamba watoto wake mwenyewe watakuwa na kwao pengine. Mtani hakumsaidia, alikuwa anamtazama kwa hamu tu, kama anavyotazama mpira.

"Njia ya Matombo ikoje?" kijana akamuuliza mjomba hatimaye.

"Mbaya."

"Basi nataka niijue kabla hatujaondoka. Nionyeshwe na mipaka ya shamba. Siku watoto wakiniuliza kwao, niwaambie nini?"

Mjomba akaguna, guno la mtu anayekadiria mzigo. "Viatu hivyo havitafika," akasema. "Dada, hakuna raba humu ndani?"

Mama akaenda kutafuta raba.