Asali ya Mgeni

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, siku ambayo wazee wa kijiji chetu, kule upande wa Mungaa, waliniletea asali, nami nikafurahi kuliko ilivyofaa. Juzi uliponieleza kazi yako ya maabara, kwamba mnapitisha maji yenye chachu kwenye utando mwembamba, kikombe kimoja kwanza, kabla ya kuagiza mtambo mkubwa, nilicheka peke yangu. Kumbe kazi hiyo bado ipo! Mimi niliifanya kwa kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamia kando ya barabara, na baba yangu alikuwa amehangaika msimu mzima kuwashawishi wazee wenye mizinga wauze asali yao pamoja, pipa moja, badala ya kila mtu kwenda mnadani na kibuyu chake. Walikubali shingo upande. Mnunuzi naye alikuwa amesema wazi kwamba asali yenye nta na nyuki waliokufa hachukui. Pipa hilo likikataliwa, hakuna mzee ambaye angemsikiliza baba tena. Alilijua hilo, na mimi nililiona usoni kwake kila jioni.

Kuchuja nilipewa mimi, kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilikuwa na mdomo. Duka la kijiji lilikuwa na jora moja tu la marekani, na ukishalikata kushona mifuko ya kuchujia huwezi kulirudisha. Nikasema tujaribu kwanza na kipande kidogo na bakuli moja. Hapo sikukosea, na najisifu mpaka leo.

Nikatangaza kila mwenye mizinga alete asali kidogo ya kujaribia. Sasa wewe unawajua watu wetu: ukimwomba mtu asali, hakupi ya hovyo. Anakupa ya sega jeupe, ile anayowawekea wageni. Asali ile ilipita kwenye kitambaa kama maji. Wanawake wakapiga vigelegele, nami nikashika mkasi kwenda dukani.

Baba alinikuta mlangoni. Akachovya kidole kwenye bakuli, akalamba.

"Hii umepewa na nani?"

"Na wazee wote, baba."

"Na pipa tutalijaza hii?"

Nikautazama mkasi mkononi.

"Mama," akaniambia, kama alivyozoea kuniita, "umepima asali ya mgeni. Weka mkasi chini, kaombe ile wanayoificha."

Nilikasirika, sikufichi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiomba asali mbaya, na unaweza kufikiri nilivyopokelewa. Mzee Njiku, mwenye mizinga mingi kuliko wote, alinifukuza kabisa. "Nani kakwambia mimi nina asali mbaya? Baba yako?" Nikarudi mikono mitupu, nalia kwa hasira.

Baba aliingia ndani, akatoka na chungu, akakibeba mwenyewe mpaka uwanjani walikoketi wazee wenzake. Humo mlikuwa na asali nyeusi ya mzinga wa zamani, majana, yaani watoto wa nyuki, yamepondeka ndani, majivu yanaelea juu. Na huyu ni mtu aliyejivunia mizinga yake kuliko watoto wake!

"Hii ni yangu," akasema. "Anzeni na hii."

Wakamcheka, tena sana. Halafu mzee Njiku akaondoka bila kuaga, akarudi na chungu chake. Kabla jua halijazama, vyungu vilikuwa vimejaa uwanjani.

Tulipoichanganya asali ya vyungu vile na kuimimina kwenye kile kipande cha marekani, kata ya kwanza ilipita, ya pili ikasuasua, ya tatu ikakaa juu ya kitambaa kama uji. Nta ilikuwa imeziba. Nikalifikiria jora zima nililotaka kulikata. Kesho yake tukaanza upya, bakuli kwa bakuli: tuliiacha asali juani mpaka nta ikaelea, tukaiengua, tukaipitisha kwenye gunia safi, ndipo kwenye marekani. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na kitambaa kilitaka kufuliwa kwa maji ya moto kila mara, lakini asali ilipita. Lori lilipokuja, mnunuzi alichovya kijiti ndani ya pipa, akakiangalia kwenye mwanga, akasema pakieni. Baba aliketi chini palepale.

Kwenye pombe waliendelea kumwita Asali Nyeusi mpaka alipozeeka. Aliitika.

Basi, mwanangu, hicho kikombe chako cha kwanza usikijaze maji safi ili wakubwa wako wafurahi. Jaza yaleyale yatakayopita mtamboni, pamoja na uchafu wake wote, na usiache kumimina mpaka uone yanapozibia. Na ukitaka watu wakuonyeshe kibaya chao, tangulia kuonyesha chako. Mungu aibariki mikono yako, na awape watu moyo wa kukuletea asali yao nyeusi bila kuogopa uso wako.