Don Panzón Alipovimbiwa

Kwa miaka thelathini Hermelinda Xicale alikuwa akikanda matumbo ya nusu ya mtaa wake huko Puebla. Asubuhi alipiga deki maabara ya Doktari Barragán, bwana aliyesomea matumbo. Si kuyatibu, kuyatengeneza. La kwake alilimimina kwa mpira laini wa rangi ya nyama, akalizungushia mapete ya hewa ya kulibana ili lisage kama la mtu, na wanafunzi wakalibatiza Don Panzón, yaani Bwana Kitambi. Lilikula vizuri kuliko wao.

Hermelinda alilipenda tumbo, lakini hakumpenda Doktari. Siku ya kwanza tu Doktari alimwambia mbele ya watu kwamba empacho, ule ugonjwa wa chakula kuganda kwenye ukuta wa tumbo, haupo. "Hadithi za mabibi hizo, doña." Kazi yote ya mikono ya Hermelinda, ya kuukanda ugonjwa huo huo, aliifuta kama tone la supu mezani. Ilimuuma, na hakusahau.

Siku waliyokuja wageni wa wizara, Don Panzón alilishwa tamali, na donge hilo la unga wa mahindi likagoma kushuka. Wakaongeza hewa, wakaongeza maji, donge liko pale pale ukutani. Wageni walishafika getini.

"Huyo ana empacho," alisema Hermelinda, kaegemea ufagio.

"Doña, tafadhali."

"Haya, endeleeni kumpuliza. Labda atacheua."

Doktari alitazama saa. "Basi mkande. Haraka."

"Pole pole. Maskini hana hata mama wa kumkanda."

Alijipaka mafuta ya nguruwe viganjani, akakanda kutoka juu kwenda chini, kisha akalipindua, akaifinya ngozi ya mpira upande wa mgongo na kuivuta, kama anavyowafanyia watoto wa jirani. Ngozi ikalia ta. Donge likateremka, na wageni wakamkuta Don Panzón anasaga kwa adabu zake zote.

Kwenye ripoti Doktari aliandika: mkwamo wa kunata, umeondolewa kwa msukumo wa nje.

"Andika empacho," Hermelinda alimwambia.

"Hilo si neno la sayansi, doña."

Wiki iliyofuata tamali iliganda tena, na wageni wengine walikuwa njiani. Doktari alikuja mbio hadi stoo ya mafagio. Hermelinda hakuinuka kwenye ndoo aliyoikalia.

"Mgonjwa ana nini?"

"Ana mkwamo wa kunata..."

"Huo mimi sijui kuutibu, mwanangu."

Doktari alitazama nyuma. Wanafunzi wote walikuwa wamemfuata.

"Ana empacho," alisema.

"Nani kasema?"

"Mimi."

Hermelinda akainuka kutafuta kopo lake la mafuta.