King'ora cha Gari la Wagonjwa

Mpaka leo nikisikia mtu anatamka "viwango vya ubora", damu inanichemka.

Zama za ruksa zilipoingia na watu binafsi wakaruhusiwa kutoa huduma, mimi na mume wangu tulinunua Landrova kuukuu, tukafunga kitanda na mtungi wa oksijeni, tukaanzisha gari la wagonjwa la binafsi pale Newala. Mimi mkunga, yeye dereva. Kilichobaki ni cheti, na mkaguzi akapanda kutoka Masasi. Akakagua kila kitu, akaridhika, ila kimoja: hatukuwa na king'ora.

"Tumekiacha makusudi," nikamwambia. "Huku juu maji ni ya shida, na king'ora ni cha boza la maji. Mwenye boza hukipiga ili watu watoke na ndoo."

"Mama, kiwango ni kiwango. Gari likiwa na mgonjwa, king'ora kinalia."

Nilibishana naye hadi sauti ikanikauka. Mtu ana kichwa kigumu yule! Alisubiri mpaka mume wangu akakifunga, kisha akasema atapanda nasi safari ya majaribio, ajionee mwenyewe.

Kesho yake tukaitwa Kitangari. Binti wa mimba ya kwanza, mtoto amekaa vibaya, hana njia ila upasuaji. Tulimlaza, mama yake akapanda, tukageuza kwenda hospitali ya Newala.

"Piga," mkaguzi akaamuru. Mume wangu akanitazama kwenye kioo, akapiga.

Basi wakatoka! Ndoo, madumu, masufuria, na wote mbio, maana anayechelewa boza analala na kiu. Barabara ikajaa, gari likasimama. Na kadiri king'ora kilivyolia ndivyo walivyozidi kuja.

"Zima!" nikapiga kelele.

"Mwongozo hauruhusu," mkaguzi akajibu, bila hata kugeuka.

Nikapitisha mkono juu ya bega lake, nikang'oa waya.

Bibi mmoja aliyekuwa ameegemeza ndoo yake kwenye boneti akachungulia ndani. "Maji?"

"Shikamoo bibi. Ni mgonjwa, anajifungua."

Hakuitikia hata salamu. Aligeuka akawapigia wenzake kelele kwa Kimakonde, wakaanza kusogea, lakini watu walikuwa wengi na ilichukua muda kupata upenyo. Hakuna aliyetulaumu. Nilitamani wangetutukana.

Binti alipasuliwa, akapona. Mtoto alitolewa akiwa tayari amekufa. Daktari aliniambia kwa upole kwamba tungewahi kidogo tu, angelia. Mama wa binti alikuwa amesimama karibu nami na alisikia. Mkaguzi alikuwa nje anafuta vumbi viatu vyake.

Cheti kilikuja baadaye. Tulikuwa tumefaulu. Kwenye sehemu ya king'ora aliandika kwamba kinasikika vizuri na kinaitikiwa na wananchi. Mume wangu alisoma mpaka mwisho, akakiweka mezani, akachukua spana, akatoka nje kukifungua king'ora.